Ndege mweupe majarubani: tazama shingo akiruka

Jana asubuhi kwenye majaruba ya mpunga huku Mbarali nilimwona ndege mkubwa mweupe amesimama kwa mguu mmoja, mdomo kaufukia mgongoni. Kila aliyekuwepo alisema ni yangeyange. Sikubisha, nikasubiri aruke. Hilo ndilo la kufanya: usimpe jina akiwa amesimama, tazama shingo yake akiwa hewani. Yangeyange na jamaa zake hukunja shingo kama herufi S, kichwa kikakaa karibu na mabega. Korongo, kwarara na domomwiko hunyoosha shingo mbele. Huyu aliinyoosha, na alipogeuka nikaona mdomo bapa kama mwiko wa ugali, uso mwekundu, miguu myekundu. Domomwiko! Furaha niliyopata siwezi kuieleza.

Shingo inasaidia kwa sababu inaonekana hata ndege akiwa mbali, au jua likiwa nyuma yake na rangi zote zimepotea.

Ila kuna mahali inadanganya. Yangeyange akishtuka tu huanza kuruka shingo ikiwa bado imenyooka, na akihama jaruba moja hadi la pili huenda asiikunje kabisa. Mhesabie angalau mapigo kumi ya mabawa. Marabu naye ni korongo, lakini hukunja shingo. Asiporuka, mwangalie anavyokula: domomwiko hufagia maji kushoto na kulia, yangeyange hutulia kisha hudunga. Na andika ulichokiona kabla ya kufungua kitabu cha ndege, maana picha ikishaingia kichwani utaapa ulimwona huyo huyo.