Hibiskasi au ndago mwavuli? Jinsi ya kuamua, kupanda na kutunza

Kona ya bustani iko tupu na umebaki na mawazo mawili: kichaka cha hibiskasi chenye maua mapana mekundu, au kishungi cha ndago mwavuli chenye mabua marefu yaliyofunguka juu kama miavuli. Wengi huchagua kwa macho. Angalia maji kwanza. Hibiskasi huuawa na maji yaliyotuama, ndago mwavuli huuawa na ukame, na hakuna mbolea inayoweza kurekebisha kosa la mahali.

Neno ndago humkunjisha mkulima uso, na ana haki. Ndago ya shambani (Cyperus rotundus) huacha vijitunguu ardhini. Ukiipalilia leo, baada ya siku chache imechomoza tena. Ndago mwavuli (Cyperus involucratus) ni ndugu yake, ila haina vijitunguu hivyo. Ina shina fupi nene linalotambaa chini ya udongo, na kishungi hunenepa kwenda nje polepole. Mafunjo nayo ni ya jamii hiyo hiyo. Hibiskasi inayozungumzwa hapa ni Hibiscus rosa-sinensis, ndugu wa bamia na pamba.

Hatua ya 1: Pima ardhi inavyonywa maji

Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 30. Lijaze maji, liache likauke, kisha lijaze tena. Mara hii ya pili ndiyo ya kupima, kwa sababu udongo mkavu hunywa haraka na hukudanganya. Simamisha kijiti ndani, weka alama usawa wa maji, rudi baada ya saa moja.

Maji yakishuka sentimita 5 au zaidi, hibiskasi itakaa vizuri. Yakishuka chini ya sentimita 2, au ukakuta bado yapo kesho yake, hapo ni pa ndago mwavuli. Kati ya hapo, hibiskasi inawezekana ukiinua tuta la sentimita 30 na kuipanda juu yake. Kuongeza mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi si dawa. Mchanganyiko huo huweza kushikana na kuwa mgumu zaidi. Ongeza mboji.

Hatua ya 2: Pima jua

Hibiskasi inahitaji jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku. Kivulini huishi, ila hurefuka, majani huwa mengi na maua machache. Ndago mwavuli hustahimili nusu kivuli bila kulalamika, na ndiyo maana hufaa hata ndani ya nyumba karibu na dirisha. Zote mbili haziwezi baridi ya kugandisha. Hibiskasi huanza kupukutisha majani joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo penye msimu wa baridi kali ipande kwenye chungu ili uweze kuiingiza ndani.

Hatua ya 3: Hakikisha unachopewa kitaluni

Kwa ndago mwavuli, shika bua karibu na kichwa ulizungushe kati ya vidole. Utahisi pembe tatu, japo kuelekea chini huwa la mviringo zaidi. Halina pingili kama nyasi au mwanzi. Likate kipande uangalie: ndani kuna nyama nyeupe ya sponji, yenye nafasi za hewa. Mimea ya namna hii hupeleka hewa mpaka kwenye mizizi iliyozama, na hibiskasi haina uwezo huo.

Kwa hibiskasi, geuza majani machanga na uchungulie chini yake. Ukiona vidukari au pamba nyeupe ya vidung'ata kwenye makutano ya majani, uache mche huo.

Hatua ya 4: Panda

Shimo la hibiskasi liwe na upana mara mbili ya bonge la mizizi, na kina kile kile cha bonge, si zaidi. Ukifukia shingo ya shina, gome huoza. Rudishia udongo uliochanganywa na mboji, sehemu 3 kwa 1, kisha mwagilia lita 10 hivi. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5, yasiguse shina. Kwa ua wa kuzunguka acha mita 1 kati ya miche. Kwa kichaka cha peke yake acha mita 2.

Ndago mwavuli ni rahisi zaidi. Ipande ndani ya ndoo ya lita 10 kwa udongo mzito wa bustani, kisha mwaga changarawe juu, sentimita 2, ili udongo usielee. Unaweza kuizamisha ndoo hiyo ardhini hadi ukingoni. Ndoo isiyotobolewa huhifadhi maji na pia huzuia shina lisitambae hadi kwa jirani zake. Maji yakisimama sentimita 5 juu ya udongo, mmea haudhuriki. Mbu ndio tatizo: mwaga maji yaliyotuama kila baada ya siku 4 au 5, sugua kuta za chombo, weka mapya.

Usiipande kando ya kijito au bwawa la asili. Mbegu zake hubebwa na maji, na kuna nchi ambako imeshavamia kingo za mito.

Hatua ya 5: Pogoa kwa kuelewa mmea unakulia wapi

Hapa ndipo mimea mingi huharibiwa, kwa sababu mkono uliozoea mmoja huutendea mwingine vivyo hivyo.

Hibiskasi hukua kutoka ncha za matawi na kuchanua kwenye machipukizi mapya. Ukikata nusu sentimita juu ya jicho linaloangalia nje, matawi mawili au matatu huchipuka hapo, na kila moja litakuwa na maua yake. Ondoa theluthi moja ya urefu, mwanzoni mwa msimu wa kukua. Ukikata matawi yote siku moja, utakaa miezi miwili mitatu bila ua. Afadhali ukate theluthi ya matawi, usubiri wiki 3 au 4, ukate theluthi nyingine.

Bua la ndago mwavuli likishakatwa halichipui tena. Ukilikata katikati ili kulipunguza urefu, unabaki na fimbo ya kijani itakayokauka taratibu. Bua jipya hutoka chini, kwenye shina la udongoni. Basi, bua likipauka likate usawa wa udongo. Vichwa navyo vikate vikianza kugeuka kahawia, kabla mbegu hazijakomaa. Kila miaka 2 au 3 katikati ya kishungi hufa na kubaki duara tupu. King'oe, kipasue kwa koleo lenye makali, tupa katikati, panda vipande vya pembeni.

Hatua ya 6: Zalisha miche yako

Hibiskasi: kata tawi lisilo na maua, la ugumu wa kati, sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Bakiza majani 2 ya juu, chomeka sentimita 5 kwenye mchanga wenye unyevu, weka kivulini. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. Usivute kila siku kuangalia. Jani jipya si ushahidi wa mizizi, ukinzani unapovuta polepole ndio ushahidi.

Ndago mwavuli: kata kichwa na sentimita 3 za bua. Punguza majani ya mwavuli kwa nusu, kisha kielekeze kichwa chini, bua juu, kikielea kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki 2 hadi 4 vichipukizi na mizizi hutoka katikati ya mwavuli, pale majani yanapokutana.

Mambo yanapoharibika

Hibiskasi ikinyauka huku udongo umelowa, usiongeze maji. Mizizi imekosa hewa na inaoza. Fukua uone kama imekuwa myeusi na laini.

Majani machanga yakiwa ya njano na mishipa ikabaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma, mara nyingi kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Matumba yakianguka kabla ya kufunguka, chunguza mpangilio wa maji kwanza, kisha pasua tumba moja utafute vithiripi, wadudu wembamba wadogo sana. Mbolea yenye naitrojeni nyingi hukupa majani badala ya maua. Chagua yenye potasiamu ya kutosha na fosforasi kidogo. Kwa vidukari, changanya sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jaribu kwenye jani moja, kesho yake nyunyizia jioni chini ya majani.

Ndago mwavuli ina malalamiko machache: ncha zikiwa kahawia, imekosa maji au hewa ni kavu mno.

Kama bustani ina mteremko, panda zote mbili. Hibiskasi ikae juu, ndago mwavuli mita 1.5 chini yake bila ndoo, pale maji ya mvua yanapokusanyika.