Kuwaombea wazazi viza ya Kanada ukiwa Kigoma: anza na majina

Dada yangu anaishi Edmonton na amejifungua mapacha. Wazazi wetu wako hapa Ujiji. Maombi yao ya kwanza ya viza yalikataliwa, ya pili yakakubaliwa, na hapo katikati maisha yao hayakubadilika hata kidogo: nyumba ni ileile, shamba la michikichi ni lilelile. Kilichobadilika ni karatasi. Naandika kwa ajili ya mwenye wazazi kama wangu, waliozaliwa wakati hakuna aliyekimbilia cheti.

Pasipoti wengi mnaijua. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, unalipa 20,000 mwanzoni na 130,000 wakati wa kuwasilisha. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa anatumia kiapo. Sisi wa mkoa wa mpakani maswali ya uraia ni mengi, kwa hiyo beba barua ya mtendaji na karatasi yoyote inayowataja babu na bibi. Usiwapeleke wazee mikono mitupu.

Kabla hujalipa chochote Kanada, tandika mezani vitu vitatu: kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mzazi, cheti cha ndoa, na cheti cha kuzaliwa cha yule mtoto aliye ng'ambo. Soma majina herufi kwa herufi. Sisi hatukufanya hivyo. Cheti cha dada kinamtaja mama kama Hadija, na jina la mwisho ni la babu. NIDA na pasipoti zinasema Khadija, na jina la mwisho ni la ukoo. Hapa Ujiji kila mtu anajua huyo ni mama mmoja. Afisa anayesoma faili Kanada anaona wanawake wawili, na binti anayemwalika mmoja wao bila ushahidi kwamba ni mamaye. Dawa yake ni kiapo mbele ya wakili kinachosema majina yote hayo ni ya mtu mmoja, kikiyaorodhesha yalivyoandikwa katika kila hati. Kwetu kilichukua asubuhi moja. Kutokuwa nacho kulitupotezea miezi.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Nafundisha Kiingereza, nikaona hakuna haja ya kumlipa mtu kutafsiri cheti cha ndoa na barua ya serikali ya kijiji. Kanada hawapokei tafsiri iliyofanywa na ndugu: si mtoto, si kaka, si mpwa, hata awe mwanasheria. Hati yoyote isiyo ya Kiingereza au Kifaransa itafsiriwe na mtu wa nje ya familia, na kama si mfasiri aliyesajiliwa, aape kiapo kwamba tafsiri ni sahihi. Nakala ya hati ya Kiswahili iambatanishwe. Nililisoma sharti hilo baada ya kukataliwa.

Barua ya kukataliwa haikutaja majina wala tafsiri. Ilisema tu afisa hakuridhika kwamba wangeondoka Kanada muda wao ukiisha. Kwa hiyo mara ya pili tuliweka kila kinachowafunga nyumbani: hati ya kimila ya shamba, taarifa ya pensheni ya baba, daftari la vikoba vya mama, na barua fupi inayoeleza nani atasimamia mavuno wakiwa safarini na kwa nini lazima warudi. Mama anauza mawese kwa fedha taslimu, hana benki. Tuliieleza hali hiyo kama ilivyo. Msiingize mamilioni kwenye akaunti ya mzee wiki moja kabla ya kuomba. Afisa atauliza yametoka wapi, na ana haki ya kuuliza.

Dada naye aliandika upya barua ya mwaliko. Iwe na tarehe za kuzaliwa za wazazi, anwani yake, kazi yake, watu wangapi wanaishi naye, wazazi watakaa muda gani, watalala wapi, nani analipa. Aambatanishe uthibitisho wa ukaazi au uraia wake na hati za mshahara. Kwa ziara ya miezi michache viza ya kawaida ya mgeni inatosha. Ile viza maalumu ya wazazi (super visa) inaruhusu kukaa hadi miaka mitano kila wanapoingia, lakini inataka bima ya afya ya dola 100,000 za Kanada, vipimo kwa daktari na kipato cha kutosha cha mwenyeji.

Ada ni dola 100 za Kanada kwa kila mmoja, na 85 za alama za vidole. Mwenye kadi ya benki kule alipe yeye. Akaunti ya maombi mtandaoni ifunguliwe kwa baruapepe ya familia, si ya kijana wa steshenari, maana majibu yote yanaingia humo.

Alama za vidole zinachukuliwa kwenye kituo cha maombi ya viza za Kanada Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Msipande treni kabla ya kupata barua ya maelekezo ya alama hizo na kuweka miadi. Barua inawapa siku 30.

Na tunzeni mikono ya wazee. Mama amekamua mawese maisha yake yote, ncha za vidole vyake zimelika zikawa laini kama kokoto za ziwani. Mashine ilikataa mara nne. Binti wa kituoni akamwambia, "Shikamoo mama, naomba nikushike mkono." Alivifuta vidole kwa kitambaa chenye unyevu, kimoja kimoja, akavikandamiza yeye mwenyewe mpaka taa ikawaka kijani. Wiki mbili kabla ya safari mzee aache jivu na sabuni kali, apake mafuta mikononi asubuhi na usiku.

Alama hizo zinadumu miaka 10, kwa hiyo tulipoomba tena wazee hawakurudi Dar. Viza ilipokubaliwa tulituma pasipoti tu kituoni zikabandikwe. Tiketi tulikata baada ya kuzishika mkononi, na barua ya mwaliko imo kwenye mkoba wa mama, si kwenye begi kubwa, kwa sababu ataulizwa uwanjani anakwenda kwa nani.