Kabla hujasia mbegu za nyanya ndani ya nyumba

Huku Mafinga, nyanda za baridi za Iringa, mwezi wa sita na wa saba, kitalu cha nyanya cha nje ni kujitafutia hasara. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 mbegu ya nyanya haioti, na sakitu, yaani umande unaoganda kuwa barafu, ikipiga inaunguza hata kilichoota. Ndiyo maana anayetaka mapema miche ya vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu, anasia ndani. Sawa, ila kuna mambo uyaweke tayari kwanza.

Mbegu inunuliwe ikiwa na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na tarehe uisome mwenyewe. Zijaribu: funga 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, weka penye joto wiki moja. Zikiota chini ya 7, tafuta nyingine.

Chagua cha kusia. Nyanya, hoho na bilinganya ndizo zinazodai joto. Kabichi inavumilia baridi, isie nje. Karoti usiiguse kabisa, maana ukiihamisha mzizi unagawanyika.

Dirisha: miezi hii jua linapita upande wetu wa kaskazini. Trei zikae kwenye dirisha la kaskazini au la mashariki, na uzigeuze kila siku. Kwenye dirisha la kusini miche itarefuka, itapauka na kuanguka.

Sasa maji na udongo. Hapa naomba usikilize vizuri, kwa sababu nimeona mtu akilia. Jirani yetu, mama mwenye bidii kweli, alisia trei nzuri za nyanya sebuleni kwake. Alikuwa amezoea kilimo cha joto, kwa hiyo akamwagilia asubuhi na jioni, maji ya bomba yaliyo baridi kama ya mtoni. Miche ikatoka vizuri. Asubuhi moja akakuta michache imelala, majani bado ya kijani. Akadhani ni kiu, akaongeza maji. Aliponiita nikang'oa mmoja: pale shina linapokutana na udongo palikuwa pamesinyaa, pana rangi ya kahawia, panateleza ukipagusa. Huo ni ugonjwa wa kinyausi. Mche ukishakatika hapo hauinuki tena. Trei zote zikaisha. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba alisia upya kwenye trei zilezile na udongo uleule, na ugonjwa ukarudi, kwa sababu vimelea vyake vinaishi kwenye udongo na kwenye trei chafu. Alipopata miche ya tatu, wenzake bondeni walikuwa tayari wanafunga nyanya kwenye miti.

Kwa hiyo: osha trei kwa sabuni, kisha ziloweke kwenye jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, halafu suuza. Udongo ulionyevunyevu utie kwenye debe, funika, weka kwenye moto wa wastani, na ufukie kiazi mviringo katikati. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Uache upoe ndipo usie, mbegu ziachane, kina kisizidi sentimita 1. Mwagilia saa tatu au saa nne asubuhi, si jioni, kwa maji yaliyolala ndani ya nyumba. Udongo wa juu ukiwa bado na unyevu, usimwagilie. Baridi haikaushi udongo haraka, na hilo ndilo watu wanasahau.

Kabla ya kuhamishia shambani, izoeshe miche nje siku 7 hadi 10: kwanza kivulini saa chache, kisha juani, usiku irudi ndani. Na kinyungu cha bondeni kabisa kisubiri, kwa maana hewa ya baridi inashukia huko na sakitu inaanzia huko.

Panya wanapenda mbegu, funika usiku. Kuku wasiingie. Dawa ya wadudu usipulizie ndani mnamolala. Na wale wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili miche ipate joto, tafadhali sana, msifanye hivyo: hewa yake inaua watu usingizini, milango ikiwa imefungwa. Funika trei kwa nailoni, inatosha, na uifunue mara tu mbegu zinapochomoza.