Kulinganisha ndiyo na hapana kwenye jedwali la mifugo bila kupoteza ng'ombe

Kazi yangu ni kupanga data za vikundi vya wafugaji wa maziwa upande wa Njoro na Molo, Kenya, na kwenye kazi za vijana ninaowafundisha mstari huu wa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, hauchelewi kujitokeza:

SELECT jina FROM mifugo WHERE amechanjwa = true;

Unafanya kazi. Ila safu ya amechanjwa ni ya buliani, tayari imebeba kweli au si kweli, kwa hiyo ukiilinganisha na kweli unarudishiwa kilekile ulichokuwa nacho. Andika WHERE amechanjwa au WHERE NOT amechanjwa, inatosha. Ndiyo maana nasisitiza safu ipewe jina linalosomeka kama habari kamili: amechanjwa, ana_mimba, ameuzwa. Ukiiita hali, nani atajua true ni hali gani? (Mifano yangu ni ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata.)

Hayo ni ya unadhifu. Hatari iko kwenye jibu la tatu. Daktari wa mifugo amefika bomani, mwenye ng'ombe hayupo, kijana aliyeachwa hajui kama chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo ilidungwa. Nafasi inabaki wazi, na kwenye jedwali inakuwa NULL. Tuseme kikundi kina ng'ombe 40: 22 wamechanjwa, 11 hawajachanjwa, 7 hawajulikani. WHERE amechanjwa inakupa 22. WHERE NOT amechanjwa inakupa 11. Wale 7 hawamo popote, kwa sababu kinyume cha NULL ni NULL, na WHERE hupitisha kilicho kweli peke yake. Ukiandika amechanjwa = false unapata walewale 11.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sharti, jiulize: asiyejulikana nimweke upande gani? Orodha ya kumpa mchanjaji iwe hivi:

WHERE amechanjwa IS NOT TRUE

Hapo unapata 18, na ndivyo inavyotakiwa, maana ng'ombe asiyejulikana anaweza kuambukizwa sawa na yule ambaye hajachanjwa. Deni ni kinyume chake. Mfugaji ambaye hakuna aliyeandika kama alilipa asitumiwe ujumbe wa kudaiwa; tumia amelipa IS FALSE, kisha wenye IS NULL uwapigie simu kwanza. Kumwita mtu mdeni kwa sababu karani aliacha nafasi wazi ni kumvunjia heshima mbele ya wenzake.

CASE, inayochagua jibu kulingana na sharti, nayo ina tabia yake. CASE WHEN amechanjwa THEN 'tayari' ELSE 'bado' END itawaita wale 7 'bado', kwa hiyo ripoti itasema 18 huku orodha ya NOT amechanjwa ikisema 11, na mwenyekiti atauliza nani anadanganya. Weka matawi matatu:

CASE WHEN amechanjwa THEN 'tayari' WHEN NOT amechanjwa THEN 'bado' ELSE 'haijulikani' END

Ukitaka kuona mahali mfugaji na daktari wanapotofautiana, alama ya <> (si sawa na) haitaonyesha mistari ambayo mmoja wao hakujibu. Andika jibu_la_mfugaji IS DISTINCT FROM jibu_la_daktari.

Fomu za simu hutuma maneno. PostgreSQL inakubali 'yes', 't' na hata '1' kama kweli, lakini 'ndiyo' inaikataa. Wengi hutatua kwa jibu = 'ndiyo', na hapo 'sijui', 'Ndiyo' yenye herufi kubwa na maandishi matupu ('') yote yanageuka kuwa hapana. Njia salama:

CASE lower(jibu) WHEN 'ndiyo' THEN true WHEN 'hapana' THEN false END

Yasiyotajwa yanabaki NULL, kama inavyostahili. Kwa sababu hiyohiyo sipendi NOT NULL DEFAULT false (isiachwe wazi; isipojazwa iwe si kweli) kwenye safu ya chanjo: inamjibia mtu ambaye hakuulizwa. Kwenye safu kama amefutwa haina ubaya, maana hapo hakuna anayeulizwa.

Ukihamia kwingine, angalia. Katika MySQL BOOLEAN ni TINYINT(1), yaani namba; 2 ikiingia, = TRUE inaikataa lakini IS TRUE inaikubali. SQL Server ina bit, na huko lazima uandike = 1.

Kuna mahali pamoja ninapotumia = kati ya buliani mbili kwa moyo mweupe, nalo ni sharti la jedwali. CHECK, sharti linalokaguliwa kila mstari unapoandikwa, hukataa kilicho si kweli tu, NULL huipitisha. Ukitaka kila aliyechanjwa awe na tarehe, na asiye na tarehe asiandikwe kuwa amechanjwa, kila upande uwe ni ule usioweza kuwa NULL:

CHECK ((amechanjwa IS TRUE) = (tarehe_ya_chanjo IS NOT NULL))

Ng'ombe mwenye tarehe ambaye jibu lake liko wazi atakataliwa hapo hapo, na karani atalazimika kuuliza kabla hajaondoka bomani.