Hanesi nyepesi ya kukalia mtini: namna ya kuishona mwenyewe

Anayepanda miti kufuata mizinga ya magogo huko Tabora, au kuchuma mbegu za mninga, anajua kupanda si shida kubwa. Shida ni kukaa juu. Mkono mmoja umekumbatia tawi, mwingine ndio unaofanya kazi, na nyuki hawakusubiri upate nafasi nzuri. Hanesi ya kukalia, yaani kiti cha mikanda unachokivaa na kukining'iniza kwenye kamba, inakuachia mikono yote miwili. Ninayoeleza hapa haifiki kilo moja, inakunjika ndani ya begi la kawaida, na sehemu kubwa ya vifaa utaipata mjini.

Tuelewane kwanza. Hii ni ya kukalia huku kamba imekaza muda wote. Haikutengenezwa kudaka mtu anayeanguka. Kama umeajiriwa kupanda miti, mdai mwajiri hanesi ya kiwandani yenye nembo ya EN 813, kiwango cha Ulaya cha hanesi za kukalia. Sampuli ya aina hiyo imevutwa kwa nguvu ya kilonewtoni 15 (kama uzito wa kilo 1,500) kwa dakika 3, jambo ambalo wewe na mimi hatuwezi kulifanya uani.

Mkanda

Hapa usibane pesa. Mkanda laini unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mabegi mara nyingi ni wa polipropilini. Hubeba daftari, haubebi mtu. Kipimo cha dukani ni rahisi: omba kipande kidogo, kilowanishe, kikamue hewa yote itoke, kisha kiweke kwenye glasi ya maji. Kikielea ni polipropilini, kiache hapohapo. Nailoni na poliesta huzama.

Ninaoupenda mimi ni mkanda mpya wa viti vya gari, ule unaouzwa kwa mita. Upana wake ni milimita 47 hivi, ni mwembamba, na cherehani inaupenya. Kiwango cha Ulaya cha mikanda ya magari, R16, kinataka usikatike chini ya kilonewtoni 14.7, yaani kama kilo 1,500. Mkanda uliong'olewa kwenye gari chakavu usiutumie hata ukipewa bure: jua limeupiga miaka mingi na huenda ulishavutwa kwenye ajali, na mambo hayo hayaonekani kwa macho.

Ukiukosa, nunua mkanda mpya wa kufungia mizigo ya lori, milimita 50. Soma lebo: ya bluu ni poliesta, ya kijani ni nailoni, ya kahawia ni polipropilini. Tafuta ya bluu yenye LC 2,500 daN (LC ni mvuto unaoruhusiwa, na daN moja ni kama kilo moja). Ni mgumu na mnene, kwa hiyo huo mpelekee fundi wa mabegi au maturubai mwenye cherehani nzito.

Chukua mita 3 za mkanda mpana, na mita 3 nyingine za mkanda wa milimita 25 (wa poliesta au nailoni vilevile) kwa mapaja na kiunoni. Ongeza bizimu tatu za chuma na kitambaa kigumu cha mabegi cha kutosha vipande viwili vya sentimita 78 kwa 31.

Uzi, na hesabu yake

Uzi wa pamba huoza. Tumia wa poliesta au nailoni ulioandikwa Tex 135 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi), ambao hukatika kwenye kilo 10 hivi, kwa sindano namba 140/22. Cherehani nyeusi ya kukanyaga iliyopo nyumbani kwa wengi haiumudu uzi huo. Yenyewe iwekee Tex 70, sindano 110/18, na uhesabu kilo 5. Chagua rangi inayopingana na mkanda. Kwenye mkanda mweusi weka uzi mweupe au wa machungwa, uzi uliokatika uonekane mara moja.

Sasa hesabu. Mimi hulihesabia kila pigo la sindano nguvu ya uzi mmoja tu, ingawa kwa kweli hubeba zaidi kidogo. Ukipandanisha mkanda sentimita 10, ukashona mistari sita ya urefu, na kila pigo likiwa milimita 3.5, unapata mapigo 28 kwa mstari, jumla 168. Mara kilo 10, ni kilo 1,680. Kwa Tex 70 pandanisha sentimita 20: mapigo 57 mara mistari 6 ni 342, mara kilo 5 ni 1,710. Kiungo kinalingana na mkanda wenyewe. Fundi akikwambia "nimekaza sana, usiwe na wasiwasi", mwombe mhesabu pamoja.

Hatua ya 1: kiti

Vipimo hivi ni vya mtu mwenye kiuno cha sentimita 85. Weka vitambaa viwili uso kwa uso, shona pande tatu, geuza, funga upande wa nne. Unabaki na kiti cha sentimita 75 kwa 28. Makali ya juu yatakaa mgongoni juu ya nyonga, ya chini yatapita chini ya makalio. Usipunguze kimo ili kupata wepesi. Mkanda wa chini ukipanda hadi katikati ya makalio, utateleza utoke nje ya kiti chako mwenyewe.

Hatua ya 2: mkanda mmoja usiokatwa

Siri ya hanesi hii iko hapa. Mkanda mpana unazunguka kiti chote kama duara moja. Unaanza mgongoni, unafuata makali ya juu hadi nyonga ya kulia, unatoka nje ya kitambaa, unageuka kwa mbele na kuacha jicho (kitanzi cha kufungia kamba), unarudi kwa makali ya chini, unafanya hivyohivyo kushoto, kisha unakutana na mwanzo wake. Uzito ukining'inia kwenye macho mawili, unabebwa na mkanda, si na uzi. Kiungo kinabaki kimoja tu.

Kwa kiti hiki kata sentimita 240 ukitumia Tex 135, au 250 kwa Tex 70. Choma ncha kwa kisu cha moto. Chora kwa chaki ya fundi, bana kwa pini, vaa, jitazame kwenye kioo kabla ya kushona chochote. Macho yakae mbele kidogo ya mfupa wa nyonga, yalingane kulia na kushoto.

Hatua ya 3: kushona

Anza na kiungo. Kisogeze kidogo ubavuni, upande wa nje, ili ukikague bila kuvua. Mistari sita ya urefu, kila mwisho urudishe nyuma mara tatu. Usipige mstari mnyoofu unaokata mkanda kwa upana, kwa sababu matundu yakipangana hivyo mkanda huchanika hapo. Ukitaka kufunga ncha, pita kwa zigizaga. Penye unene, acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono. Geuza utazame chini: uzi wa bobini ukiwa umelala mnyoofu bila kuzama kwenye mkanda, ukazo si sahihi. Fumua, rekebisha, rudia.

Baada ya hapo shonea mkanda kwenye makali ya kiti, mistari miwili inatosha. Pale mikanda ya juu na chini inapokutana kabla ya jicho, ishone pamoja kwa boksi lenye msalaba ndani, jicho libaki na urefu wa sentimita 5. Livalishe jicho ala ya kitambaa kigumu. Ala ikilika unabadilisha ala.

Hatua ya 4: mapaja na kiuno

Mikanda ya milimita 25 inatoka makali ya chini kwa nyuma, inapita kati ya miguu, inaingia kwenye bizimu chini ya kila jicho. Ya kiuno inaunganisha nyonga mbili kwa mbele. Mikanda ya mapaja ndiyo inayokuzuia kuchomoka ukipinduka, kwa hiyo hata yenyewe izidishie mapigo. Klipu za plastiki hapa hapana.

Hatua ya 5: kamba ya mbele

Kata mita 2 za kamba ya kupandia ya milimita 11, isiyonyumbuka. Funga kila ncha kwenye jicho kwa fundo la nane lililofuatishwa (fundo lenye umbo la 8, ambalo ncha ikishapita kwenye jicho inarudi kulifuata njia ileile), mkia usipungue sentimita 15. Karabina ya chuma yenye kufuli (pete inayofunguka, ya kuunganishia na kamba inayotoka mtini) inaning'inia katikati.

Urefu wake una maana kuliko wengi wanavyodhani. Pande mbili zikifanya pembe ya nyuzi 60, kila jicho hubeba asilimia 58 ya uzito wako. Kamba ikiwa fupi mno na pembe ikafika nyuzi 120, kila jicho linabeba uzito wako wote, na nyonga zinaminywa hasa. Irefushe mpaka nyonga zipumue.

Jaribio

Ining'inize kwenye tawi nene, kiti kikae chini ya usawa wa goti lako. Ipakie madumu kumi ya lita 20 yaliyojaa maji, yaani kilo 200, yalale hadi asubuhi. Kagua kila mstari. Jaribio hili linafichua kosa la kushona, halikupi cheti. Ikipita, kaa wewe mwenyewe hapohapo chini kwa nusu saa, jifunze kujigeuza na kujishusha, na mwenzako awe karibu. Mtu aliyening'inia bila kutikisa miguu huweza kuzimia, ndiyo maana juu hatupandi peke yetu.

Kazini

Kwa wafuga nyuki, hatari kubwa ya hanesi hii ni bomba la moshi. Cheche moja hutoboa poliesta. Ning'iniza bomba mbali na kamba, upande ambao upepo unaelekea. Panga usipande nalo: kamba iliyokaza hukatika kwa mguso mdogo wa makali. Tumia msumeno wa mkono.

Maji ya betri huyeyusha nailoni na sabuni kali ya magadi huila poliesta, basi fua kwa maji na sabuni laini, anika kivulini. Panya hupenda chumvi ya jasho. Itundike darini ndani ya mfuko, usiiache stoo sakafuni. Andika tarehe ya kushona kwenye kitambaa, na siku mkanda utakapoonyesha manyoya, kukauka au rangi kupauka, ukate vipande ili mtoto wa jirani asije kuuokota na kuupandia.