Usizeekee Kwenye CNA: Kujiendeleza Kitaaluma kwa Watu Wetu Walio Marekani

Watu wetu wengi wakifika Marekani, mlango wa kwanza kuwafungukia ni wa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi anayetambuliwa na jimbo. Ni kazi ya heshima. Unamwogesha mzee, unamgeuza asipate vidonda vya kulala, unampima presha, na mara nyingi wewe ndiye wa kwanza kuona kwamba leo hayuko sawa. Sheria ya shirikisho inadai mafunzo yasiyopungua saa 75, zikiwemo 16 za vitendo chini ya usimamizi, kisha mtihani. Majimbo mengine yanadai zaidi. Ndiyo maana mtu hachelewi kupata cheti, kuingia shifti na kuanza kutuma hela nyumbani.

Shida huanzia hapo. Shifti ya mchana inaunganishwa na ya usiku, dabo Jumamosi, dabo Jumapili, na kwa kuwa malipo ya mwisho wa wiki mbili yanaonekana manono, hakuna anayeuliza malipo ya saa moja yamepanda kiasi gani tangu aanze. Nimeona watu wenye vichwa vizuri wakifikisha miaka kumi hivyo, migongo imechoka, na aliyeajiriwa mwaka jana analipwa karibu sawa nao. Katika sekta hii uzoefu peke yake hauongezi mshahara sana. Leseni ndiyo inayouongeza.

Nianze na ndugu zetu waliosomea uuguzi nyumbani, maana hao ndio wananiuma zaidi. Mtu ana stashahada au shahada, amezalisha akina mama wilayani, amesimamia wodi, halafu huku anatandika vitanda kwa sababu alisikia kwamba vyeti vya Afrika havitambuliwi. Vinatambuliwa, ila lazima vipite njia yake: tathmini ya vyeti, kwa kawaida kupitia shirika kama TruMerit (zamani likiitwa CGFNS), mtihani wa Kiingereza pale unapotakiwa, maombi kwa bodi ya uuguzi ya jimbo, kisha mtihani wa NCLEX-RN, yaani mtihani wa leseni ya RN, muuguzi kamili aliyesajiliwa. Kila jimbo lina masharti yake, kwa hiyo anza na tovuti ya bodi ya jimbo lako kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, hata mimi.

Kinachokwamisha wengi ni makaratasi. Kwa kawaida matokeo ya chuo na uthibitisho wa usajili lazima vitumwe moja kwa moja na chuo chenyewe na baraza la uuguzi, iwe la Kenya, la Tanzania au la kwingineko. Nakala iliyopitia mkononi mwako haikubaliki. Ukienda likizo, tenga siku nzima ya kwenda chuoni na barazani mwenyewe, lipa ada, na uondoke na namba ya simu ya anayeshughulikia faili lako. Kagua pia majina. Cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu, na cheti cha ndoa kimeongeza la mume: tofauti hiyo inaweza kulala mezani kwa mtu miezi. Uliza bodi inapokea hati gani ya kiapo, uiandae mapema.

NCLEX yenyewe ina maswali kati ya 85 na 150, na kompyuta inakupangia swali kulingana na ulivyojibu yaliyotangulia. Haipimi kukariri. Inakupa wagonjwa wanne na kuuliza utamwona yupi kwanza, au lipi ufanye kabla ya kumpigia daktari. Kwa hiyo usitegemee madaftari ya zamani. Fanya maswali ya mazoezi kila siku, na usome maelezo ya kila jibu ulilokosa.

Kama unaanza upya, usikimbilie chuo binafsi cha kutafuta faida kinachojitangaza kwenye simu. Komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha eneo lako, huwa na ada nafuu zaidi. Kozi ya LPN, muuguzi mwenye leseni ya ngazi iliyo chini ya RN, huchukua takriban mwaka mmoja. RN ya ngazi ya stashahada miaka miwili, ukiondoa masomo ya awali kama anatomia na mikrobiolojia. Aliyesoma miaka miwili na aliyesoma minne wanafanya NCLEX-RN ileile, kwa hiyo unaweza kupata leseni kwanza, shahada ukaimalizia ukiwa kazini. Hakikisha chuo kimo kwenye orodha ya vilivyoidhinishwa na bodi, na angalia wanafunzi wake wanafaulu NCLEX kwa kiwango gani. Bodi nyingi hutangaza.

Pesa ipo kuliko watu wanavyodhani. Mwajiri anaruhusiwa kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi ya shirikisho. Waulize ofisi ya waajiriwa kama wana mpango huo, na usome mkataba: wengi hukutaka ubaki nao kwa muda fulani. Wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, na kupata Pell Grant, ruzuku ya wenye kipato kidogo ambayo kwa kawaida hairudishwi. Wakongo na Warundi wengi waliokuja kwa njia ya ukimbizi hawajaambiwa hili. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hapati ruzuku hiyo, na asifanye kazi nje ya chuo bila kibali.

Muda utautoa kwenye dabo. Hilo linamaanisha kuongea na nyumbani waziwazi: kwa miaka miwili hivi nitatuma kidogo, nasoma. Watakuelewa zaidi wakijua tarehe ya kumaliza.

Ukisimama kidogo, linda ulichonacho. CNA akikaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya kulipwa ya uuguzi, analazimika kupimwa upya. Na ukishakuwa RN, masomo yanaendelea kwa sheria: California inadai saa 30 kila miaka miwili, Minnesota 24, Texas 20. Kila cheti cha semina kipige picha siku hiyohiyo na ukihifadhi kwenye barua pepe yako binafsi, si ya kazini, kwa sababu bodi inaweza kukuomba uthibitisho wakati umeshahamia kwa mwajiri mwingine.