Jinsi ya kufika Supai, kijiji cha Marekani kisicho na barabara

Supai kiko chini ya korongo, katika jimbo la Arizona, jirani na Grand Canyon. Wakazi wake ni mia chache tu, karibu wote Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na barabara ya gari inakomea maili 8 (kilomita 13) kabla ya kijiji. Barua, unga, soda, nepi za watoto, vyote hushuka kwa nyumbu au kwa helikopta. (Nyumbu wa huku ni yule mtoto wa punda na farasi, si yule wa mbugani.) Wageni huja kwa ajili ya maporomoko ya maji ya buluu. Wanaopata taabu huipata kwa makosa yaleyale: kibali, maji, uzito wa mzigo na saa ya kuondoka.

Kibali

Kwenda na kurudi siku hiyohiyo hakuruhusiwi. Kila anayeshuka lazima awe amelipia malazi, ama kambini ama kwenye loji ya kijiji yenye vyumba 24. Nafasi ya kambi huuzwa kwa siku 4 na usiku 3, hata kama unataka usiku mmoja. Msimu ni Februari hadi Novemba. Nafasi hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka kwenye tovuti rasmi ya kabila na huisha upesi mno. Ukikosa, usikate tamaa mapema: tovuti hiyo ina sehemu ambako walioghairi hurudisha nafasi zao, na mwenye subira ya kuifungua kila siku mara nyingi hupata. Usinunue kwa mtu wa mitandaoni. Kibali kina jina la aliyekikata, na huyo lazima awepo mwenyewe na kitambulisho chake.

Tenga dola 400 hadi 500 kwa kila mtu kwa kambi peke yake. Mahali pa kujiandikisha siku ya kufika huweza kubadilika, kwa hiyo isome vizuri barua pepe ya uthibitisho, na uichapishe, kwa sababu kule simu yako haitashika mtandao.

Barabara ya kwenda ukingoni

Wengi hutua Las Vegas, mwendo wa saa 4 hivi kwa gari. Unafuata barabara kuu ya Route 66 hadi upite mji mdogo wa Peach Springs, kisha unakata kushoto kuingia Indian Road 18, ambayo inakwenda zaidi ya kilomita 95 hadi Hualapai Hilltop, mwisho wa lami. Katika barabara hiyo hakuna kituo cha mafuta wala duka, na huko mwisho hakuna maji. Jaza tangi kabla ya kuiingia na uhesabu na mafuta ya kurudi. Ng'ombe na paa wakubwa hulala barabarani usiku, basi anayewahi alfajiri aendeshe polepole.

Jambo dogo linalowapotosha watu: Arizona haibadilishi saa. Majira ya joto saa yake ni sawa na ya Las Vegas, lakini kuanzia Novemba hadi Machi Arizona iko mbele kwa saa 1.

Mzigo

Mkoba wa mgongoni usizidi kilo 14 kwa mtu mzima wa kawaida. Usiku ndani ya korongo wakati wa joto hauhitaji blanketi zito, hivyo uzito wote uende kwenye maji na chakula. Chukua lita 3 hadi 4 za maji kwa mtu kwa ajili ya njia, kwani kati ya ukingo na kijiji hakuna pa kuchota. Ongeza vitu vyenye chumvi: karanga, bisi, chumvichumvi za kuyeyusha. Mtu anayekunywa maji matupu siku nzima huku akitoka jasho hupungukiwa chumvi mwilini, akaanza kuumwa kichwa na kutapika, na wenzake wakazidi kumnywesha maji, wakimzidishia hali.

Mzigo unaweza kukodiwa nyumbu. Nyumbu mmoja hubeba mikoba 4, kila mmoja usizidi ratili 32 (kilo 14.5), na iwe mikoba laini, majokofu ya plastiki magumu hayapokelewi. Ratili 1 ikizidi watakuambia upunguze palepale mavumbini. Weka nafasi mapema.

Vitu vitatu wageni husahau: viatu vya kuingia majini vyenye soli ngumu, glavu zenye mshiko, na taa ya kichwani. Pombe, dawa za kulevya, silaha na droni ni marufuku, na moto wa kuni pia. Pika kwa jiko dogo la gesi.

Kushuka

Ukingo uko mita 1,580 hivi juu ya usawa wa bahari, kijiji mita 975. Nusu ya mteremko wote iko katika maili ya kwanza, njia ikijikunjakunja ukutani. Baada ya hapo ni changarawe na mchanga wa mkondo mkavu. Kushuka huchukua saa 3 hadi 5. Majira ya joto, wakati joto linapita nyuzi 38 za selsiasi, uwe njiani kabla ya saa 11 alfajiri.

Nyumbu wakija, na huja kwa kasi bila mtu wa kuwazuia mbele, sogea upande wa ukuta, simama, nyamaza. Ukisimama upande wa genge, begi la mnyama likikugusa litakusukuma chini.

Julai hadi Septemba ni msimu wa mvua za ghafla. Mvua inaweza kunyesha mbali juu ya uwanda, wewe umeona jua tu, kisha mkondo mkavu ukajaa. Mafuriko ya Agosti 2008 yalibadilisha kabisa njia ya maji chini ya kijiji: poromoko la zamani la Navajo likakauka na mengine mapya yakazaliwa. Maji yakigeuka kahawia au ukasikia mngurumo, acha mkoba ulipo, panda juu.

Kijijini

Kijiji kina duka, mkahawa, posta, zahanati, makanisa na shule. Shule inaishia darasa la 8. Mtoto akitaka kuendelea lazima aondoke nyumbani kwenda bweni nje ya korongo. Bei dukani ni kubwa, nawe ukikumbuka kila mkebe umefikaje hutanung'unika. Saa za kufungua hubadilika, basi usiweke tegemeo la chakula cha jioni pale.

Jina la watu hawa maana yake ni watu wa maji ya buluu-kijani. Lugha yao ni ndugu ya Kihualapai, lugha ya kabila jirani. Zamani walilima mahindi, maharage, maboga na mapichi bondeni wakati wa joto, na majira ya baridi walipanda uwandani kuwinda. Mwaka 1882 serikali iliwabana kwenye ekari 518 za bonde peke yake, ikachukua uwanda wote. Walidai miaka zaidi ya 90, na mwaka 1975 sheria ya bunge la Marekani iliwarudishia ekari zipatazo 185,000. Ndiyo sababu unapita kwa masharti yao: hapa si hifadhi ya taifa, ni kwao. Nguzo 2 za mwamba zinazosimama juu ya nyumba, Wigleeva, wanaziona kama walinzi wa kijiji.

Usipige picha watu, nyumba wala wanyama bila kuomba. Tembea kwenye njia kuu, usikatize mashamba, na mtu akikusalimu itikia. Wageni wengi hupita hapa kama wanapita stendi ya basi, wakitazama saa, na wenyeji wanaliona hilo. Nunua kitu, kaa kidogo. Kadi uliyotuma kutoka posta ya hapa hugongwa muhuri kuonyesha imesafiri kwa nyumbu.

Kambi na maporomoko

Kambi iko maili 2 mbele ya kijiji. Njiani kuna Fifty Foot Falls na Little Navajo, kisha Havasu Falls, mita 30 hivi. Buluu yake inatokana na chokaa iliyoyeyuka, ambayo pia hujenga vibwawa vyenye kingo kama bakuli. Kingo hizo ni kali. Ndiyo kazi ya vile viatu. Maji hubaki nyuzi 21 hivi mwaka mzima.

Kambini kuna chemchemi ya kuchota, Fern Spring. Yachuje hata hivyo. Juni 2024 makumi ya wageni walishikwa na kutapika na kuhara, na kupanda korongo katika hali hiyo ni balaa. Nawa kwa sabuni, kwani jeli ya mikono haiviui virusi vyote vya tumbo. Chakula kiweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Kindi wa hapa hutoboa mkoba kwa dakika chache.

Mwisho wa kambi ni Mooney Falls, mita 60 hivi. Unateremka kupitia mapango 2 yaliyochongwa kwa mkono kwenye mwamba, kisha minyororo, kisha ngazi za mbao zinazolowa muda wote. Geuza uso ukutani, shuka kama unavyoshuka ngazi ya paa, shikilia kwa viungo 3 kati ya mikono na miguu yako wakati wote, na subiri aliye chini amalize. Nenda asubuhi: mchana foleni ni ndefu na minyororo inateleza kwa matope ya waliotangulia. Beaver Falls iko mbele zaidi, maili 3 hivi kutoka kambini, na unavuka mto mara kadhaa.

Kupanda

Maili ngumu ndiyo ya mwisho, mita 300 za mwinuko ukiwa umechoka. Ondoka kambini saa 9 au 10 usiku, ufike chini ya ukuta jua halijaugonga. Helikopta ipo siku kadhaa za wiki, dola 100 hivi au zaidi kwa upande mmoja, lakini wenyeji hupanda kwanza, na upepo ukivuma hairuki. Usiifanye mpango wako wa kuwahi ndege. Ndani ya gari acha lita 4 za maji na viatu vikavu. Maji yatakuwa ya moto. Utayanywa.